Kidonge cha usingizi: siku ya kuacha iandikwe kabla ya kumeza cha kwanza

Bibi mmoja alikuja kwenye duka letu la dawa Chake Chake, Pemba, kashika bahasha ya kaki ya dawa, imechakaa hadi pembe zimefumuka. Juu yake pameandikwa kwa kalamu: "usingizi, 1 usiku." Hapana jina la dawa, hapana miligramu, hapana tarehe. Alitaka vingine kama hivyo. Nilipomuuliza kaanza lini, alifikiri kidogo akasema, "Tangu msimu wa karafuu uliopita, mwanangu." Mkono wake wa kushoto ulifungwa bendeji. Alfajiri ya juzi yake alikwenda kutia udhu, miguu ikamwenda upande, akaangukia ukingo wa karo. Kidonge alikimeza saa tatu za usiku na alianguka saa kumi na moja, kwa hivyo kwa hesabu yake dawa ilikwishamaliza kazi zamani.

Tulifuatilia kilikotoka kile kidonge, ikajulikana ni diazepamu ya miligramu 5. Diazepamu haitoki mwilini kwa usiku mmoja. Nusu ya dozi huchukua baina ya saa 20 na 50 kutoka, na ini huigeuza kuwa kitu kingine chenye kazi hiyo hiyo ambacho huweza kukawia hadi saa 100. Kwa mtu mzima wa umri wa bibi yule muda huo hurefuka zaidi. Anayemeza kila usiku, kidonge cha leo humkuta cha jana bado yumo nacho, na cha juzi pia. Bibi hakuangushwa na kidonge kimoja. Aliangushwa na vya wiki nzima.

Nimekaa nyuma ya kaunta ya dawa muda wa kutosha kuamini kwamba dawa hizi zina kazi yake, na mtu aliyekesha usiku wa nne mfululizo kwa maumivu au msiba ana haki ya kupumzika. Kinachodhuru watu wetu ni kidonge kisichokuwa na mwisho. Ndiyo maana hatua zote zilizomo humu zinazunguka jambo moja, la kujua siku ya kuacha kabla ya siku ya kuanza.

Hatua ya 1: Ijue dawa kwa jina lake

"Dawa ya usingizi" si dawa moja. Ukiambiwa hivyo tu dukani, bado hujaambiwa kitu. Soma jina lililoandikwa kwa herufi ndogo kwenye karatasi ya vidonge, ambalo aghlabu utalikuta bila ya irabu ya mwisho ninayoiandika hapa.

Kundi la kwanza ni la diazepamu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Valium, pamoja na ndugu zake lorazepamu, klonazepamu na nitrazepamu. Hizi huipa nguvu kemikali ya ubongo inayotuliza, iitwayo GABA. Hutuliza wasiwasi, hulegeza misuli, huzuia degedege, na huleta usingizi. Zinazoeleka upesi, na ni miongoni mwa dawa zilizowekwa chini ya udhibiti wa kimataifa kwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971. Duka linalokuuzia bila ya cheti cha daktari halikufanyii hisani.

Kundi la pili ni zolpidemu na zopikloni. Hupita njia hiyo hiyo ya ubongo lakini hukaa mwilini muda mfupi. Watu hudhani kwa kuwa ni mpya basi ni salama. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ililazimisha onyo zito kabisa kwenye pakiti za dawa za kundi hili, baada ya kupokea taarifa za watu walioamka wakiwa bado usingizini, wakatembea, wakapika, wakaendesha gari, wengine wakaumia na wengine wakafa, bila ya kukumbuka lolote. Kabla ya hapo, mwaka 2013, mamlaka hiyo hiyo ilitaka dozi ya zolpidemu kwa wanawake ipunguzwe kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa sababu kwa wanawake dawa hii hutoka polepole zaidi na asubuhi huwa bado imo kwenye damu. Mwanamke aliyepewa 10 kwa mara ya kwanza ana haki ya kumuuliza daktari sababu.

Kisha ipo amitriptilini, dawa ya huzuni nzito na ya maumivu ya mishipa ya fahamu, ambayo mara nyingi hutolewa kwa dozi ndogo ili mtu alale. Hukausha mdomo, hufunga choo, na huweza kumzuia mkojo mzee mwenye tezi dume. Mwenye presha ya macho aiseme kabla. Ikizidi dozi huugonga moyo wenyewe, kwa hivyo nyumba yenye amitriptilini ni nyumba inayohitaji kabati la kufungwa kwa ufunguo.

Zilizozoeleka kuliko zote ni dawa za mzio zinazosinziisha, yaani promethazini na klorofeniramini, ile inayoitwa Piriton kila mahali. Mtu hulala nazo kwa siku chache, kisha mwili huzizoea na usingizi hauji tena, ila ukavu wa mdomo na uzito wa kichwa asubuhi hubaki pale pale. Fenobabitoni, hatimaye, ni dawa ya kifafa. Aliyepewa kwa kifafa aendelee kama alivyoelekezwa, na asimmegee jirani asiyepata usingizi.

Ujue pia kiasi cha faida unayoifuata. Utafiti uliokusanya majaribio ya dawa za kundi la zolpidemu, uliochapishwa mwaka 2012, ulikuta kwamba humfanya mtu apitiwe na usingizi mapema kwa dakika zipatazo 22 kuliko aliyepewa kidonge kisicho na dawa. Dakika 22 si haba kwa mtu anayeteseka, lakini si kitu cha kukibadilisha na mfupa wa nyonga.

Hatua ya 2: Tafuta kinachokuamsha

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo yenye dawa yenyewe. Kukosa usingizi mara nyingi ni dalili ya kitu kingine.

Anza na dawa unazotumia tayari. Wagonjwa wa presha wengi hupewa vidonge vya kupunguza maji, furosemaidi au haidroklorothiazaidi. Ukivimeza jioni utaamka kwenda haja mara tatu, nne, kisha utasema huna usingizi. Muulize daktari kama unaweza kuvihamishia asubuhi. Nimewaona watu waliopata usingizi kwa badiliko hilo peke yake. Prednisoloni nayo, ikimezwa usiku, humkesha mtu. Vidonge vya salbutamoli vya pumu huukimbiza moyo. Efavirenzi ya VVU huleta ndoto kali. Usiache hata moja kati ya hizi kwa uamuzi wako. Sema tu kwamba usingizi umeharibika tangu uanze.

Kukojoa sana usiku pamoja na kiu ni jambo la kupimwa sukari. Kushindwa kulala chali kwa sababu pumzi inakata ni jambo la moyo, na halisubiri wiki ijayo. Mtu anayekoroma kwa nguvu, kisha akakatika pumzi kimya, kisha akashtuka kama aliyezama akaibuka, na mchana anasinzia hata barzani katikati ya maneno, ana maradhi ya njia ya hewa kuziba usingizini. Kidonge cha usingizi kwake ni hatari khasa, kwa vile hulegeza misuli ile ile ya koo inayoziba. Mke au mume ndiye shahidi wa jambo hili. Mwenyewe hajisikii.

Na iko huzuni. Anayelala saa nne akaamka saa nane za usiku na moyo mzito, kila siku, chakula hakina ladha na watu hawataki kuwaona, anahitaji kutibiwa huzuni yenyewe. Nimeona mara nyingi mjane akipewa vidonge siku ya pili ya msiba, kwa huruma ya jamaa, ili apumzike kidogo. Matanga yanaanuliwa, wageni wanaondoka, vidonge vinabaki. Anakaa eda miezi minne na siku kumi, na siku anayotoka edani mwili wake umekwishajifunza kutolala bila ya dawa. Hakuna aliyekusudia ubaya. Hakuna tu aliyesema vinakwisha lini.

Kisha kahawa. Kahawa chungu ya barzani baada ya magharibi, vikombe vitatu na kashata, ni sehemu ya maisha yetu, nami siiti hatia. Lakini kafeini huchukua kama saa 5 ili nusu yake tu itoke, na utafiti mmoja wa mwaka 2013 ulionesha kwamba hata ikinywewa saa 6 kabla ya kulala, kwa kiasi kikubwa, hupunguza usingizi kwa zaidi ya saa nzima. Anayesumbuka aihamishe kahawa yake kabla ya adhuhuri kwa wiki 2, aende barzani akanywe kitu kingine. Chai ya rangi nayo ina kafeini.

Hatua ya 3: Jaribu njia isiyo ya kidonge kwa wiki chache

Kama hali si ya dharura, madaktari wa usingizi duniani huanza na mazoea ya kulala na namna ya kuufikiria usingizi kabla ya dawa. Kwa muda mrefu njia hii huvishinda vidonge, wala haina arosto, yaani yale mateso ya mwili unaodai dawa uliyoizoea.

Amka wakati mmoja ule ule kila siku, uwe umelala au hukulala. Sisi tunaye mwamshaji, azana ya alfajiri. Ukisimama kwa sala, usirudi kitandani kulipa deni mpaka saa tatu asubuhi. Kailula ya baada ya adhuhuri iwe fupi, dakika 20 au 30, wala isigongane na alasiri. Usiku usipande kitandani kwa sababu saa imefika. Panda kwa sababu macho yamekuwa mazito. Ukikaa kama dakika 20 hujapitiwa, ondoka. Toka ukae ukumbini kwenye taa hafifu, lete uradi, kunja nguo, kisha rudi usingizi unapokuja. Kitanda kikizoea kuwa mahali pa kugaagaa na kuhesabu madeni, mwili unaamka kila unapokigusa.

Simu iache chumba kingine. Miezi ya kaskazi, joto linapokaa ndani ya kuta hadi usiku wa manane, oga kabla ya kulala na tafuta upepo kabla ya kutafuta dawa. Nyumba ya bati iliyofungwa madirisha hailazi mtu, hata ukimpa vidonge viwili.

Kungumanga inastahili neno lake, kwa kuwa tunaipanda wenyewe na iko kila jikoni. Chembe ya kuonjesha uji haina neno. Lakini wapo wanaokuna kokwa nzima wakaichanganya na maziwa ili walale. Gramu 5 hivi, ambazo kokwa moja ndogo huzifikia, zinatosha kumfanya mtu moyo umwende mbio, achanganyikiwe na aone visivyokuwepo. Kuichanganya na diazepamu ni kuongeza balaa juu ya balaa. Dawa ya mizizi unayopewa na mganga, nayo, mtajie daktari. Anayekuficha yaliyomo kwenye chupa hakupi nafasi ya kujikinga.

Kuhusu melatonini, homoni ya usingizi inayouzwa kwa vidonge, wanaoletewa na jamaa kutoka ng'ambo wajue kwamba chupa haisemi kweli siku zote. Mwaka 2017 watafiti wa Kanada walipima bidhaa 31, wakakuta kiasi kilichomo kinaanzia asilimia 83 chini ya kilichoandikwa hadi asilimia 478 juu yake.

Hatua ya 4: Kwa daktari na kwenye kaunta

Ukifikia kuhitaji kidonge, mpe daktari habari kamili: umri, ujauzito au kunyonyesha, pumu, mkoromo, ini, figo, kifafa, dawa zote unazomeza pamoja na za asili, na kama kuna mtu nyumbani anayetumia au aliyewahi kutumia unga. Hili la mwisho watu huona haya kulisema. Visiwa vyetu vinajua vimepoteza vijana wangapi, na diazepamu ya mama chini ya mto ndiyo inayotafutwa kwanza na kijana aliye kwenye arosto.

Kisha umuulize daktari swali ambalo wengi hawaulizi: "Naacha siku gani?" Tangu mwaka 1988 kamati ya usalama wa dawa ya Uingereza ilitoa ushauri kwamba kundi la diazepamu litumike kwa usingizi wiki 2 hadi 4 tu, na kipimo hicho bado ndicho kinachofuatwa. Hata ndani ya wiki hizo si lazima iwe kila usiku. Wengi hutosheka na usiku 2 au 3 kwa wiki.

Kwenye kaunta usikubali vidonge vya kuhesabiwa kutoka mkebeni bila ya jina. Taka vilivyo kwenye karatasi yake yenye jina, miligramu na tarehe ya kuisha muda, kutoka duka lililosajiliwa na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Ikibidi vitiwe bahasha, mwambie mfamasia aandike juu yake, mbele yako:

jina la mgonjwa, jina la dawa na miligramu;
kimoja, saa ngapi, usiku gani wa wiki;
tarehe ya kuanza na tarehe ya kuacha.

Mstari wa tatu ndio ambao bahasha ya bibi yule haikuwa nao.

Hatua ya 5: Usiku wenyewe

Meza ukiwa umekwishamaliza kila kitu: mlango umefungwa, jiko limezimwa, umekwenda haja, chandarua kimeshushwa. Kitanda kiwe hatua mbili kutoka ulipo. Zolpidemu inataka uwe na saa 7 au 8 kamili mbele yako za kulala. Ukiamka saa tisa usiku usiongeze cha pili. Hapo ndipo dozi inapozidi bila ya mtu kujua, maana aliyesinzia hakumbuki alichokimeza.

Asubuhi baada ya kidonge cha kwanza ichukulie kama siku ya majaribio. Usiendeshe bodaboda wala gari, usiingie baharini, usipande mkarafuu. Nalisema hili la mkarafuu kwa uzito. Mchumaji anasimama juu ya tawi mita kadhaa kutoka ardhini, anavuta tawi jingine kwa mkono mmoja, na usalama wake wote ni wepesi wa miguu na macho. Dawa iliyobaki kwenye damu haimfanyi ajione amesinzia. Humpunguzia tu ule wepesi. Msimu wa kuchuma ukifika, anayetumia diazepamu atafutiwe kazi ya kuchambua au kuanika hadi dawa itoke.

Mzee anayeamka usiku awekewe taa ndogo njiani, mkeka unaoteleza uondolewe, na ndoo ya udhu isogezwe karibu. Mtu afuatane naye. Ni mambo madogo, lakini mzee aliyevunjika nyonga mara nyingi hasimami tena kama alivyokuwa.

Visivyochanganywa

Kinachoua zaidi ni kukutanisha dawa mbili zinazolegeza pumzi. Pombe ndiyo ya kwanza. Ya pili ni dawa kali za maumivu, tramadoli, kodeini, mofini, na kodeini huweza kuwa imejificha kwenye dawa ya maji ya kikohozi. Heroini ni hivyo hivyo, na anayetumia methadoni, dawa wanayopewa wanaoacha heroini, asiguse kidonge cha usingizi bila ya kliniki yake kujua.

Kuna mchanganyiko mwingine ambao watu wa visiwani huufanya bila ya kuujua. Abiria wa meli ya usiku kwenda Pemba humeza kidonge cha kuzuia kutapika baharini, kisha akiona mawimbi yamezidi humeza na cha usingizi ili asisikie safari. Vidonge vingi vya baharini ni wa ukoo wa dawa za mzio, navyo husinziisha vyenyewe. Akifika Mkoani huteremka ngazi na mizigo akiwa amelewa dawa. Chagua kimoja, na hicho ni cha baharini.

Erithromaisini, na dawa za fangasi kama flukonazoli na ketokonazoli, huzuia ini kuivunja diazepamu, hivyo dozi ile ile hugeuka kubwa. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume, dawa ikaonekana haifanyi kazi, na mtu akaongeza. Ukipewa dawa yoyote mpya, onesha bahasha ya zamani.

Ramadhani

Mwezi wa Ramadhani hugawa usiku vipande. Mtu anamaliza taraweh, anakaa kidogo, analala saa tano, anaamka saa kumi kwa daku. Humo hamna saa 7. Zolpidemu ikimezwa baada ya taraweh, mtu huamshwa kula daku akiwa katikati ya nguvu ya dawa, na huko ndiko kuungua kwa mafuta na kuanguka kunakotokea. Anayetumia dawa hizi azungumze na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, ili ama aache kabla, ama ratiba ibadilishwe. Kwa wengi inatosha kulala mapema kipande cha kwanza na kuongeza kailula mchana.

Watoto, waja wazito, wazee

Mtoto asipewe dawa ya mzio au ya kikohozi ili alale mama apumzike. Najua uchovu unaomfikisha mama huko, na simlaumu. Promethazini hairuhusiwi kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka 2. Tangu mwaka 2004 pakiti za Marekani zina onyo zito, kwa kuwa imewahi kuzuia pumzi za watoto hadi kufa. Mama aliyechoka asaidiwe mtoto, na dada na shangazi wapo kwa hilo.

Mja mzito anayemeza diazepamu karibu na kujifungua huweza kupata mtoto mlegevu, asiyenyonya vizuri, mwenye pumzi hafifu. Kwenye maziwa ya mama dawa hupita pia. Kwa wazee, madaktari wa Marekani wa maradhi ya uzeeni wameziweka diazepamu, zolpidemu na dawa za mzio zinazosinziisha katika orodha ya dawa za kuepukwa baada ya miaka 65, kwa ajili ya kuanguka na kuchanganyikiwa akili. Mzee aliyeanza ghafla kusahau majina ya wajukuu, tazameni bahasha zake kabla ya kusema ni uzee, au kwamba kachezewa.

Kama umekwishazoea

Usiache kwa mkupuo. Aliyetumia diazepamu au ndugu zake kwa miezi, akakata siku moja, anaweza kutetemeka, kutoka jasho, kuingiwa na hofu kali, kuona vitu, na kupata degedege linaloweza kuua. Wapo waliodhaniwa wamepandisha shetani wakapelekwa kwenye ngoma, kumbe ni mwili unadai dawa.

Kuacha hufanywa kwa kushuka kidogo kidogo, na daktari akijua. Mwongozo wa madaktari wa Marekani wa mwaka 2025 unapendekeza kuanza kwa kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya dozi kila wiki 2 hadi 4, na kutozidi asilimia 25 kila wiki 2. Ni safari ya miezi. Kila unaposhuka, usiku kadhaa wa mwanzo huwa mbaya, ndoto kali, jinamizi, kuamka amka. Hilo si ushahidi kwamba "bila dawa silali." Ni mwili unajipanga upya, na hupita. Ukishindwa kwenye ngazi fulani, kaa hapo hapo wiki nyingine mbili. Usirudi juu.

Wakati unashuka usiruhusu dawa ikukatikie ghafla. Anayeishi Kojani, Fundo au Makoongwe awe na akiba ya siku kadhaa, kwani kusi ikivuma vibaya vyombo havivuki. Hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu, Unguja, inashughulika na mambo haya. Kwa Pemba anzia Hospitali ya Chake Chake au Abdulla Mzee, Mkoani. Kuingia lango la Kidongo Chekundu kwa ajili ya dawa ya usingizi hakumfanyi mtu kuwa mwendawazimu.

Bibi yule alichukua karibu miezi mitano. Mjukuu wake wa kike, aliyekuwa darasa la saba skuli, ndiye aliyekuwa akiweka alama kwenye kalenda ya ukutani.

Mtu akizidisha

Dalili ni kutoamka hata ukimtikisa na kumwita, pumzi za polepole au za kukoroma kwa majimaji, midomo na kucha kugeuka buluu. Mhesabie dakika nzima. Mtu mzima mwenye pumzi chini ya 10 yumo hatarini. Mlaze ubavu, kichwa kikiwa kimelazwa nyuma kidogo na mdomo umeelekea chini ili matapishi yatoke. Tafuta gari sasa hivi.

Usimnyweshe maziwa. Usimnyweshe dafu kwa kuwa eti huvunja dawa, wala maji ya chumvi, wala kahawa. Usimtie kidole atapike. Kila kitu unachokitia kinywani mwa mtu aliyezimia kinakwenda mapafuni. Usimwache peke yake "alale zitoke." Beba pakiti na bahasha zote uende nazo spitali, daktari ajue ni kipi na vingapi. Kama ni amitriptilini, mpeleke hata akiwa bado anazungumza, kwa kuwa moyo huweza kubadilika baadaye, ndani ya saa chache.

Ikiwa mtu amesema amechoka kuishi, au ameanza kuaga na kugawa vitu vyake, vidonge vyote vya nyumbani vichukuliwe na jamaa mmoja anayeaminika, naye apelekwe spitali siku hiyo hiyo akiwa na mtu pembeni. Kumuuliza wazi kama anafikiria kujidhuru hakumtii wazo hilo. Wengi hupumua kwa kuulizwa.

Vilivyobaki

Siku uliyoiandika ikifika, vidonge visirudi sandukuni wala chini ya mto. Usimwachie jirani na usivitupe jaani watoto wanapochezea. Virudishe dukani au spitali, na bahasha yake, uviache kwenye kaunta.